Kasha Lenye Kufuli Nne: Leisnig 1523 na Sadaka ya Maafa Kwetu

Tunapoeleza asili ya huduma ya Kanisa kwa watu waliopatwa na maafa, kwa kawaida huanza na changizo la Mtume Paulo kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, kisha huruka hadi mashirika ya karne ya ishirini, kana kwamba katikati hapakutukia neno. Katika makala haya tunapenda kusimama hapo katikati, katika mji mdogo wa Leisnig, nchi ya Saksonia. Watu wa mji ule walijiuliza swali ambalo wengi wetu hulikwepa: sadaka ya wenye shida ikisha kutolewa, ni nani ashikaye ufunguo wake?

Martin Luther aliuzuru mji huo mwezi Septemba 1522. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata usharika ulimpelekea wajumbe wawili wenye barua, ukiomba ushauri wake juu ya ibada, uchaguzi wa mchungaji na matumizi ya mali ya kanisa. Utaratibu wa kasha la ushirika, uliotungwa na usharika wenyewe, Luther aliuchapisha mwaka 1523 pamoja na dibaji yake.

Tusidhani kwamba lilikuwa sanduku la kutilia sarafu mlangoni. Kasha hilo lilikusudiwa kupokea mapato ya mashamba ya kanisa, mali za vyama vya kidini, wakfu za misa, zawadi za hiari na wasia. Watunzaji wake walikuwa kumi: wawili kutoka kwa makabaila, wawili kutoka baraza la mji, watatu kutoka kwa raia wa kawaida wa mjini, na watatu kutoka kwa wakulima wa vijijini. Kasha lenyewe liliwekewa kufuli nne zisizofanana, na kila kundi likapewa ufunguo wake. Kabaila, basi, hakuweza kulifungua bila mkulima. Katika Ujerumani iliyokuwa ikielekea vita vya wakulima vya 1524 na 1525, jambo hili si dogo, nasi twashangaa kwamba mara nyingi hupitiwa kwa sentensi moja tu katika masomo ya historia ya Kanisa.

Watunzaji walitakiwa kukutana kila Jumapili na kuandika mapato na matumizi vitabuni. Mara tatu kwa mwaka usharika wote ulipaswa kukusanyika na kusikia hesabu. Yatima na wazee wasio na mtu walitunzwa. Fundi aliyeanguka alikopeshwa, na kama hakuweza kulipa alisamehewa. Vifungu viwili vinahusu maafa hasa. Kimoja chaagiza nafaka inunuliwe na kuwekwa ghalani, ili uhaba ukija usharika usikutwe mikono mitupu. Kingine chahusu wageni waliohamia mjini: wenye tumaini la kujitegemea kwa kazi zao wasaidiwe kuanza. Na mapato yasipotosha, kila mkazi, awe kabaila, mtu wa mjini au mkulima, atoe kila mwaka kwa kadiri ya uwezo wake. Hapo utoaji uliacha kuwa tendo la mtu mmoja atafutaye thawabu, ukawa wajibu wa usharika mzima.

Mpango huo ulikwama mapema. Baraza la mji lilikataa kukabidhi wakfu zilizokuwa mikononi mwake, na mwezi Agosti 1523 Luther alilazimika kumwandikia Mteule Frederick, mtawala wa Saksonia, kuomba msaada. Kufuli nne hazifai kitu ikiwa mali yenyewe haijaingia kashani.

Kile kifungu cha wageni ndicho kinachotuleta nyumbani. Mwaka 1964, wakimbizi wa Rwanda walipokuwa wamekwisha kuingia nchini kwa maelfu, Serikali iliomba msaada, na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani likaanzisha Huduma ya Kikristo kwa Wakimbizi Tanganyika, yaani TCRS. (Jina la Tanganyika limebaki humo hata baada ya Muungano wa mwaka ule ule.) Kazi ilifanyika kwa mikataba ya pande tatu: Serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, na Fungamano. Zikaanzishwa makazi ya Mwesi kwa Wanyarwanda, Rutamba kwa watu wa Msumbiji, na baada ya mauaji ya 1972 Burundi, Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Sehemu kubwa ya sadaka ilitoka sharika za Skandinavia, Ujerumani na Amerika ya Kaskazini.

Funguo hapa zilikuwa tatu. Wakimbizi hawakuwa miongoni mwa waliotia sahihi, wala sharika zetu, ambazo makanisa yao saba yalikuwa yameungana mwaka mmoja tu kabla, 1963. Hatusemi kwamba kazi ilikuwa mbaya. Watu walilima, wakajilisha, na Warundi zaidi ya 160,000 wa makazi hayo ya zamani wakapewa uraia kwa uamuzi uliotangazwa mwaka 2010. Hata hivyo, mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walipovuka Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa saa 24, usharika wa kawaida haukuwa na ghala wala kitabu, bali ulikuwa na mazoea ya kungoja. Mwaka 2006 TCRS ikawa shirika la Kitanzania, na ufunguo mmoja ukahamia kwetu.

Maporomoko ya tope ya Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, yaliua watu zaidi ya 80 katika siku moja, wala hapakuwa na nafasi ya kungoja mkataba. Katika msiba wa namna hiyo sadaka maalumu hutangazwa, hukusanywa, hupelekwa juu. Je, mkulima wa mtaa wa mbali husomewa hesabu yake mara tatu kwa mwaka, au hata mara moja? Na ghala ya usharika, pale ilipo, ina nini mwezi wa Februari?