Neno letu: Majilio

Arua tunaongea Kilugbara, Koboko Kikakwa, na Kiswahili hutukutanisha sokoni. Kanisani kina neno zuri mno: Majilio, yaani majuma ya kuingojea Krismasi. Mzizi wake ni -ja. Ukiurefusha unapata -jia, kisha -jilia: kumjia mtu fulani, pale pale alipo. Kwa hiyo ujio huu una mwenyeji wake, na mwenyeji hupokea mgeni nyumbani. Ndiyo maana nasisitiza Majilio yasiishie kanisani, Ediofe wala Mvara. Jumapili ni 4, mishumaa 4: mitatu ya zambarau, na wa Jumapili ya tatu rangi ya waridi. Wazazi wangu, jioni ya Jumapili ya kwanza mwiteni kitinda mimba auone mshumaa wa kwanza ukiwashwa, kisha salini pamoja, kila mtu kwa lugha yake.