HERUFI 'K' ILIVYOMGEUKA MFALME!

Unaambiwa hata a-b-c-d za watoto zina siasa zake!

Mwaka 1686, mchapishaji mmoja wa London aliyewahi kusota jela kwa maandishi yake alikimbilia Boston, enzi hizo koloni la Waingereza. Huko akatoa kitabu kidogo cha watoto, The New England Primer.

Ujanja wa kitabu? Kila herufi na kapicha kake kalikochongwa kwenye ubao, pembeni mistari mifupi yenye vina. Mtoto anaangalia, anaghani, herufi inanasa kichwani.

Sasa cheki. Kwenye nakala ya 1727, herufi K, inayoanza neno la Kiingereza la mfalme, ilimmwagia sifa mfalme wa Uingereza. Marekani ilipojitangazia uhuru mwaka 1776, wachapishaji wakageuza kibao: K ikaanza kuwaonya wafalme, na W iliyokuwa ya nyangumi akapewa jenerali aliyeongoza vita!

Mtoto wa miaka mitano siasa hazijui, ila kina kikishaingia hakitoki. Anayetunga ndiye anayemchagulia wa kumheshimu.

Haya wazazi wa mjini, zile a-b-c anazoimba mwanao kwenye simu, katunga nani?