MWAKA WA HUZUNI NA TIBA YA MOYO

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na masahaba wake.

Ndugu msomaji, hebu tuanze na swali. Kijana akijifungia chumbani wiki tatu, hali, halali, hataki kuzungumza na mtu, mtaani tunasema nini? Wengine watasema ana majini. Wengine watasema ni imani haba, manake lau angekuwa mtu wa kuswali asingefika hapo. Na wako watakaomcheka tu. Basi turudi kwenye historia tuone kama hao tunaosema twawafuata walikuwa wakifanya hivyo.

Bi Khadija na hofu ya Hira

Mwaka wa 610 Miladia, katika mwezi huu huu wa Ramadhani, Mtume (S.A.W) alipata wahyi wa kwanza katika pango la Hira. Alirudi nyumbani akitetemeka, akaomba afunikwe, kisha akamwambia mkewe kwamba anaihofia nafsi yake. Tazama alivyofanya Bi Khadija (R.A). Kwanza, alimfunika mpaka hofu ikamtoka. Pili, alimkumbusha wema wake: kwamba yeye huunga jamaa zake, huwabeba wanyonge na hukirimu wageni, na Mola hawezi kumtupa mtu kama huyo. Tatu, alimpeleka kwa mtu mwenye elimu, binamu yake Waraqa bin Naufal. Alimtuliza, akamtia moyo, akamtafutia mjuzi. Hakumwambia ajikaze kiume.

Miaka kama tisa baadaye, karibu mwaka wa 619, baada ya Waislamu kutengwa na Makureshi kwa muda wa miaka mitatu hivi, Mtume alifiwa na ami yake Abu Talib, na pia na Bi Khadija mwenyewe. Alikuwa ameishi naye takriban miaka 25. Vitabu vya sira vinauita mwaka huo Mwaka wa Huzuni. Sasa niambie, nani angethubutu kusema Mtume alihuzunika kwa uchache wa imani? Na huzuni ile haikuisha kwa siku moja. Hata miaka mingi baadaye kule Madina, alikuwa akichinja mbuzi huwapelekea sehemu marafiki wa Bi Khadija.

Uji wa wafiwa

Mwaka wa 629, Jafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muuta, Mtume aliagiza watu wa nyumba yake wapikiwe chakula, kwa sababu msiba ulikuwa umewashughulisha. Naye Bi Aisha (R.A) palipotokea msiba kwao, wanawake wakishatawanyika na kubaki wa nyumbani, alikuwa akiamrisha ipikwe talbina, yaani uji wa shayiri. Alimsikia Mtume akisema kwamba uji huo humtuliza mgonjwa moyo na kumpunguzia huzuni.

Zingatia hapo, ndugu yangu. Uji ule ulipikwa watu walipokwisha ondoka. Sisi huku Pwani, alhamdulillahi, matangani tunajaa, sufuria zinapikwa, khitma inasomwa. Lakini matanga yakishaanuliwa, kila mtu ashika njia yake, na mjane abaki na kuta nne. Huo ndio wakati wa kumpigia hodi.

Mwanachuoni wa Balkh

Baada ya karne kama tatu, katika mji wa Balkh, ambao leo uko Afghanistan, alitokea mwanachuoni akiitwa Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka wa 934. Aliandika kitabu kuhusu maslahi ya miili na nafsi, sehemu moja mwili, sehemu ya pili nafsi. Aliwalaumu matabibu wa zama zake kwa kushughulika na mwili peke yake, ilhali mwili na nafsi ni vitu vilivyoshikana: kimoja kikiumwa, cha pili nacho huathirika.

Maradhi ya nafsi aliyagawanya makundi manne: ghadhabu, hofu, huzuni, na wasiwasi unaomrudia mtu bila kumwacha. Hata huzuni aliipambanua. Iko yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali. Na iko inayomshika mtu bila sababu yoyote ya wazi, na hii alisema chanzo chake kimo mwilini, kwa hivyo nayo yahitaji tiba ya mwili. Hayo yaliandikwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita!

Alishauri pia kwamba kama vile mtu anavyoweka dawa nyumbani kabla ya kuugua, aweke akiba ya fikra njema wakati ametulia, azitumie siku moyo ukichafuka. Na mwenye wasiwasi alimkataza kukaa peke yake. Akae na watu wanaompenda, wazungumze naye.

Hospitali za wakfu

Elimu hii haikubaki vitabuni. Damascus ilijengwa hospitali ya Nuruddin mwaka wa 1154, na Cairo ile ya Sultan Qalawun mwaka wa 1284. Ziliendeshwa kwa mali ya wakfu, na katika hospitali ya Qalawun wagonjwa wa akili walitengewa sehemu yao. Mjini Edirne, Uturuki, hospitali ya Sultan Bayezid II iliyokamilika mwaka wa 1488 ilijulikana kwa kuwatuliza wagonjwa wa akili kwa sauti ya maji na muziki. Tusipambe mambo, manake wako wagonjwa waliofungwa minyororo zama hizo pia. Lakini jambo moja ni wazi: Waislamu walitoa mali zao fisabilillahi ili mgonjwa wa akili atibiwe, sio achekwe.

Na sisi je?

Hapa Kenya hospitali ya Mathari ilianza mwaka wa 1910, na mpaka leo jina lake tunalifanya tusi. Kwa miaka mingi sheria yetu ilimhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, hadi Mahakama Kuu ilipoamua tarehe 9 Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Kidini kujiua ni haramu, hilo halina mjadala. Lakini aliyefikia hapo anahitaji mkono wa kumshika. Usimwache peke yake, usimkaripie, mpeleke hospitali hima.

Kumsomea mgonjwa Qur'ani ni jambo jema, na halizuii daktari. Fanya yote mawili. Na katika mwezi huu, mwenye kumeza dawa za akili asiziache ghafla ati kwa sababu ya saumu. Amuulize daktari kama saa zaweza kubadilishwa zikawa za futari na daku. Isipowezekana, Mola mwenyewe amempa mgonjwa ruhusa ya kula, na amuulize shekhe namna ya kulipa.

Ndugu msomaji, leo ukitoka tarawehe mkumbuke yule rafiki ambaye humuoni msikitini siku hizi. Nenda kwake. Keti naye, msikilize, mtajie wema wake. Mzigo ukiwa mkubwa kuliko wewe, mpeleke kwa mjuzi. Bi Khadija ashatuonyesha njia.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, awaliwaze wafiwa, na atukubalie saumu zetu. Amin.