Kipa wa Goli Moja

Hebu fikiria: unadaka miaka zaidi ya 20, halafu watu wanakukumbuka kwa goli moja tu! Ndiyo yaliyomkuta Moacir Barbosa, kipa mweusi wa Brazil.

Huyu bwana hakuwa wa mchezo. Mwaka 1948 alitwaa ubingwa wa klabu za Amerika Kusini na Vasco da Gama. 1949 akatwaa ubingwa wa bara na Brazil. Ikaja Julai 16, 1950, uwanja wa Maracanã. Brazil ilihitaji sare tu iwe bingwa wa dunia. Ikatangulia kufunga, Schiaffino wa Uruguay akasawazisha kwa krosi ya Ghiggia. Dakika ya 79 Ghiggia akachomoka tena kulia. Barbosa akadhani ni krosi nyingine, akasogea. Kumbe! Mpira ukapita kati yake na nguzo. Uwanja kimya.

Walicheza kumi na mmoja, lawama zikamwelemea yeye. Mwaka 1993 alikwenda kuisalimia timu ya taifa kambini, akazuiwa, eti ana nuksi. Alifariki mwaka 2000. Mwenyewe alikuwa akisema kifungo kirefu kabisa Brazil ni miaka 30, yeye katumikia 50.

Basi sisi tunaojifunza kushika kalamu tujiulize: mtu tunamwandika kwa dakika yake moja, au kwa maisha yake?