Nani Ameshika Saa ya Watoto?

Jamaa yangu mmoja, muuza vitenge wa Kariakoo, alinunua ruta, yaani kile kisanduku kinachogawa intaneti kwa simu na kompyuta zote za nyumbani. Kijana aliyemuuzia akamwonyesha kwamba kisanduku hicho hupangiwa ratiba: simu zikafungiwa usiku na kufunguliwa asubuhi. Jamaa akafurahi. Alitaka watoto wafungiwe saa tatu usiku na kufunguliwa saa kumi na mbili alfajiri. Akaandika 3, akaandika 12, akatia simu zote za nyumba katika orodha, akalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Kisanduku hakijui saa ya Kiswahili. Kwake 3 ni saa tisa ya usiku, na 12 ni saa sita mchana. Watoto wakatazama picha mpaka saa tisa usiku, baba akikoroma. Asubuhi mama yao, ambaye hupokea oda za wateja kwa simu, akakuta mtandao umekatika. Wateja wakangoja mpaka adhuhuri.

Tulicheka sana. Lakini baada ya kicheko likabaki swali, na ndilo ninalotaka tulizungumze leo: katika mji wetu huu, ni nani ambaye amekuwa akishika saa ya watoto? Maana kuwapangia watoto wakati wa kusikiliza na kutazama hakukuanza na ruta.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1951 ilianza Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaja Shirika la Utangazaji Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa miaka mingi ratiba ya masikio ya watoto ilipangwa kule Barabara ya Pugu, kwenye studio. Watoto walikuwa na kipindi chao cha Mama na Mwana, alichokiendesha Deborah Mwenda, na mtoto aliyechelewa kurudi kutoka dukani alikuwa amekikosa, basi. Ilipofika saa mbili usiku ilisomwa taarifa ya habari, na hapo baba alitaka nyumba nzima inyamaze. Baadaye kituo kilifunga matangazo, redio ikabaki kukoroma tu. Hakukuwa na mtoto wa kubishana nayo.

Lakini tusidanganyike kwamba ni mitambo ya Pugu iliyolea watoto. Tuangalie nyumba zenyewe. Kariakoo ya wakati ule ilikuwa ya nyumba za Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uwani nyuma. Redio ilikuwa moja, nayo ikiwekwa barazani au dirishani ilisikika mpaka kwa jirani. Kila alichosikia mtoto, mtu mzima alikisikia pia. Hadithi ikimtisha mtoto, bibi alikuwa hapo hapo. Neno lisilofaa likitamkwa, shangazi alikohoa.

Baada ya redio, zamu ya kushika saa ikawa ya serikali. Mwaka 1974 ilitolewa amri ya kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni Tanzania Bara, huku wenzetu wa Zanzibar wakiwa na televisheni yao ya rangi. Ndugu msikilizaji, ukisimama Magogoni utaona kwamba kila meli inayoingia bandarini hupita mbele ya macho yako, na Ikulu iko hapo hapo. Lango la picha za televisheni lilikuwa hapo, na funguo zake zilikuwa jirani na lango.

Je, lango lile lilifunga kila kitu? Hapana. Katika miaka ya 1980 mikanda ya video iliingia mjini, na vikazuka vibanda vya kuonyeshea picha. Mtoto aliyekuwa na sarafu yake aliingia, akatazama mapigano ya karate na mengine ambayo hakuyasimulia nyumbani. Lango kubwa la bandari lilikuwa limefungwa, na mlango mdogo wa uchochoroni ulikuwa wazi. Mwaka 1993 ikatungwa sheria ya utangazaji iliyoruhusu vituo vya watu binafsi, na mwaka 1994 televisheni ikaanza Dar es Salaam. Ile zamu ya serikali ikaisha.

Ikaja zamu ya tatu, ya shilingi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 intaneti ilikuwa ya kwenda kuitafuta. Vijana walipanda ngazi za majengo ya katikati ya mji, wakalipia nusu saa au saa nzima, wakakaa mbele ya kompyuta huku saa ikihesabu pembeni mwa kioo. Muda ukiisha, kioo kinafungwa, uwe umemaliza barua yako au hujamaliza. Mwenye kibanda hakuuliza umri wako, aliuliza fedha. Hata hivyo, umaskini wa mfuko ulikuwa ratiba ya aina yake.

Julai 2009 mkonge wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulifika Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata wa EASSy. Intaneti ikapata kasi, kisha ikashuka mpaka kwenye simu za mkononi. Wakati huohuo nyumba nyingi za Kiswahili za Kariakoo zilikuwa zimevunjwa na kupisha maghorofa. Tazama sasa mambo mawili yaliyokutana: picha imeingia mkononi mwa mtoto, na mtoto ameingia ghorofa ya saba nyuma ya mlango uliofungwa. Shangazi wa kukohoa hayupo. Baba na mama wako dukani, nao hurudi usiku miguu ikiuma.

Hapo ndipo ruta inapoonekana mkombozi. Nami sisemi ni kitu kibaya. Kazi yake ni rahisi kueleza. Kila simu au kompyuta ina namba yake ya utambulisho. Ruta huitambua kwa namba hiyo, na mwenye nyumba huipangia siku na saa. Ila kuna mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, saa ya ruta huandikwa kwa hesabu ya saa 24: saa tatu usiku ni 21, na saa kumi na mbili asubuhi ni 6. Pili, iambie kwamba sisi tuko saa tatu mbele ya Greenwich. Ukiiacha na saa ya Greenwich, ile 21 yako itafika hapa saa sita ya usiku. Tatu, badilisha neno la siri iliyokuja nalo, kwa sababu mara nyingi limebandikwa chini ya kisanduku, na watoto wanajua kusoma.

Baada ya hayo yote, elewa mipaka yake. Simu nyingi za kisasa huweza kubadili ile namba ya utambulisho, ruta ikaiona kama mgeni mpya. Na mtoto mwenye bando la shilingi chache kwenye laini yake haihitaji ruta yako kabisa. Ni kama Magogoni yenyewe. Zamani aliyeishika pantoni alikuwa ameishika njia ya mkato ya kwenda Kigamboni. Tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 2016, ukimfungia mtu pantoni atazunguka Kurasini, avuke, aendelee na safari.

Hata mataifa yamejaribu. Korea Kusini mwaka 2011 ilianza kuwafungia watoto wa chini ya miaka 16 michezo ya kompyuta ya mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Miaka kumi baadaye iliamua kuifuta sheria hiyo. Watoto walikuwa wamehamia michezo ya simu, ambayo amri ile haikuigusa. China yenyewe ilikaza mwaka 2021: watoto wa chini ya miaka 18 wacheze saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Serikali kubwa yenye nguvu zote, nayo inahesabu dakika za mtoto, jambo ambalo bibi wa Kariakoo alilifanya kwa kukohoa.

Ndugu msikilizaji, historia hii yatufundisha nini? Kituo, serikali na shilingi, kila kimoja kilishika saa ya watoto kwa zamu yake, na kila kimoja kilikuja kuiachia. Zamu ya sasa ni ya mzazi, na ratiba ya kisanduku haiwezi kumsimamia. Redio ilipofungwa, nyumba haikubaki tupu: palikuwa na hadithi, na watu wazima waliokuwa wamesikia kile kile alichosikia mtoto. Ruta ikifunga saa tatu usiku, mtoto anabaki na nini? Akitoka chumbani akamkuta baba ameinamia simu yake mwenyewe, ameshajifunza kwamba sheria ile ni ya wadogo tu.

Yule jamaa yangu alirekebisha saa zake. Safari hii aliwaita watoto, wakaziandika pamoja, naye akatia simu yake katika orodha. Ya mkewe wakaiacha, kwa sababu ya oda. Ananiambia usiku wa kwanza walikaa wote sebuleni wakitazamana kama abiria waliokosa pantoni. Kisha mdogo wao akauliza: "Baba, zamani mlikuwa mnafanya nini usiku?"

Akaanza kusimulia. Ilipofika saa tano, ni mama aliyewafukuza wakalale.