Kromosomu za samaki wa madimbwi (Nothobranchius)

Nothobranchius ni jenasi ya samaki wadogo wa maji baridi wanaoishi katika madimbwi ya msimu, hasa mashariki na kusini-mashariki mwa Afrika. Dimbwi likikauka samaki wote hufa, lakini mayai yaliyofukiwa topeni hubaki hai hadi mvua nyingine. Jenasi hii inastaajabisha kwa kromosomu zake: katika seli ya mwili zinaanzia 16 katika spishi moja hadi 50 katika nyingine.

Mfano bora uko Msumbiji. Tangu 1926 samaki wa rangi kali wa nyanda za pwani ya huko walihesabiwa spishi moja, N. rachovii. Hesabu ya kromosomu ikaonyesha vingine: wa Beira wanazo 16, wa kaskazini, upande wa Quelimane, 18, na wa kusini 34. Mwaka 2010 waligawanywa rasmi. Jina la zamani lilibaki kwa wa Beira; wenye 18 wakaitwa N. krysanovi, na wenye 34, wanaofika hadi Hifadhi ya Kruger, wakaitwa N. pienaari.

Ili kuzihesabu, mtaalamu humchoma samaki kolkisini, dawa inayosimamisha seli katikati ya kugawanyika. Seli za figo huvimbishwa katika maji ya chumvi hafifu, hudondoshwa kwenye kioo na kutiwa rangi. Chini ya hadubini kromosomu huonekana zimetawanyika, kila moja peke yake.

Idadi hupungua hasa kromosomu mbili zinapoungana kuwa moja. Katika mto mkubwa badiliko la namna hiyo lingepotea upesi. Dimbwini, penye samaki wachache wanaozaliana wao kwa wao, linaweza kuenea kwa wote kwa bahati tu. Mafuriko pekee ndiyo huwachanganya na majirani. Hata wakikutana, kromosomu za chotara huenda zisilingane vizuri seli za uzazi zinapotengenezwa, na uzazi ukadhoofika.

Muungano hugusa jinsia pia. N. guentheri wa Unguja jike ana kromosomu 36 na dume 35, kwa kuwa Y, kromosomu ya jinsia ya dume, imeunganika na kromosomu nyingine.

Kwa sababu hizi wafugaji makini hawachanganyi samaki wa madimbwi tofauti, hata wakifanana kabisa kwa rangi. Kila kundi hutunzwa pamoja na jina la mahali liliponaswa.