Kumwandikisha Mtoto Uraia: Maana ya Neno na Safari ya Waraka

Katika mwambao wa kaskazini wa Cabo Delgado, kuanzia Kionga na mdomo wa mto Ruvuma, ukishuka Palma na Mocímboa da Praia hata ukafika visiwa vya Kerimba na Ibo, neno linalosikika aghalabu pale mzazi anapozungumzia karatasi za mtoto wake ni neno la Kireno, registo, na neno hilo moja limebebeshwa mambo matatu ambayo sheria huyatenga mbalimbali: kutoa habari ya kizazi ili kiandikwe daftarini, kudai uraia ambao mtoto anastahiki kwa nasaba yake, na kuomba uraia ambao mtoto hana, na ambao dola ina hiari ya kumpa au kumnyima. Mtu anayeyachanganya haya akiwa amesimama mbele ya karani huweza kusahihishwa palepale kwa neno la mdomo. Lakini anayeyachanganya katika barua, akaifunga katika bahasha na kuipeleka Maputo au Lisbon, hana wa kumsahihisha, na kosa lake husafiri pamoja na waraka mpaka kwenye meza ya mtu asiyemjua. Kwa hiyo nataka kulichambua neno hili polepole, na kutafuta Kiswahili kitakachomfaa mzazi atakayeandika.

Shina la habari yote ni neno raia. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni mifugo inayochungwa, kisha watu walio chini ya uangalizi wa mtawala. Wala si ajabu kwamba lilipoingia pwani lilichukua maana ya mtu wa himaya ya fulani, asiye na kauli katika kuichagua himaya hiyo. Mtu wa Kionga aliyekuwa kijana mwaka 1894, Wajerumani walipoishika nchi ile ndogo iliyo kusini ya Ruvuma, alifanywa raia wa Mjerumani bila ya kuulizwa. Aprili 1916 Wareno walipoitwaa akafanywa raia wa Mreno bila ya kuulizwa. Na mapatano ya Versailles ya 1919 yakalithibitisha jambo hilo naye hakuandika neno wala kutia sahihi mahali popote. Kisha Wareno wenyewe wakawagawa watu wao mafungu mawili, na sheria ya tarehe 20 Mei 1954, iliyowahusu wenyeji wa Guinea, Angola na Msumbiji, ikaeleza bayana kwamba mwenyeji si raia kamili mpaka aombe: awe amepita miaka 18, aseme Kireno sawasawa, awe na kazi ya kumlisha yeye na aila yake, awe na mwenendo mwema na desturi walizozitaka watawala, wala asiwe amekimbia uaskari. Mkewe, na watoto wake wadogo waliokaa chini ya uangalizi wake, waliweza kumfuata, walakini na wao kwa sharti la lugha na la mwenendo, hata mtoto asiyejua bado kuandika jina lake akawa anapimwa kama anafaa kuitwa raia katika nchi aliyozaliwa yeye na babu zake. Sheria hiyo ilifutwa Septemba 1961. Nadhani kutoka zama zile ndipo ilipokaa katika fahamu za watu wa pwani hii dhana kwamba uraia wa mtoto hutoka katika karatasi, na kwamba asiye na karatasi hana nchi. Na dhana hiyo inawadhuru wazazi mpaka leo.

Kwani sheria ya Msumbiji huru haisemi hivyo. Sheria ya kwanza ya uraia ilitolewa tarehe 20 Juni 1975, siku tano kabla ya uhuru, na Katiba ya 2004 imeweka kanuni kwamba aliyezaliwa katika ardhi ya Msumbiji baada ya uhuru ni Mmsumbiji, isipokuwa mtoto ambaye baba na mama yake wote wawili ni wageni, na mmoja wao yumo nchini kwa utumishi wa dola yake. Basi mtoto aliyezaliwa Palma na wazazi wa Palma ni raia kabla ya kalamu kugusa daftari. Wazazi wake wanapokwenda kumwandikisha, na sheria huwapa siku 120 za kufanya hivyo bila ya malipo, hawamwombei uraia, wanatoa habari ya kizazi. Sedula, yaani karatasi ya kizazi wanayopewa, ni shahidi, na shahidi akipotea, haki aliyoishuhudia haipotei pamoja naye. Jambo hili la kwanza, kwa Kiswahili, lingetosha kuitwa kuandikisha kizazi, na neno uraia lisiingizwe humo hata kidogo.

Jambo la pili ni la mtoto aliyezaliwa ng'ambo, tuseme Mtwara au Unguja au Mombasa, na mzazi mmojawapo ni Mmsumbiji. Katiba inasema huyu naye ni Mmsumbiji, kwa sharti kwamba atangaze waziwazi kuwa anataka kuwa hivyo: mwenyewe akiwa amepita miaka 18, au kwa ulimi wa wanaomwakilisha kisheria akiwa bado mdogo. Hapa pana tendo la hiari, lakini hiari ni ya mtoto na mzazi, si ya dola. Wareno huliita tendo hili declaração, na mimi naona tamko ni neno zuri la kulifasiri, kwa sababu anayetamka hasubiri huruma ya mtu. Hutamka, na kinachobaki ni kupokewa kwa tamko lake na kuandikwa.

Jambo la tatu ni kupewa uraia mtu asiyekuwa nao. Mgeni aliyekaa Msumbiji miaka 10 kwa uchache, ajuaye Kireno au lugha mojawapo ya Msumbiji, na mwenye sifa nyingine zilizotajwa, aweza kuomba. Na akipewa, watoto wake wasiooa wala kuolewa, walio chini ya miaka 18, nao waweza kupewa kwa njia hiyo hiyo. Watanzania, ambao huhesabu uraia wa aina tatu, wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi, wametupatia hapa istilahi kamili. Tajnisi ni Kiarabu cha kumtia mtu katika jinsi, yaani katika kabila au umma fulani, na Waarabu huuita uraia jinsiya. Wapo wanaolalamika kwamba neno hilo hukaribiana mno na jinsia, ambalo kwetu limekuwa la kike na kiume. Nami sioni dhara, maana hakuna aliyewahi kukosea kati ya hayo mawili ndani ya sentensi iliyo timamu, na faida ya kuwa na neno lisilotumika kwa kitu kingine chochote ni kubwa kuliko wasiwasi huo. Kosa lililo zito ni kuandika tajnisi katika barua ya mtoto wa jambo la pili, kwa kuwa mzazi huyo atakuwa ameomba kama sadaka kitu ambacho Katiba imemwekea kama amana.

Lipo neno jingine linalotatiza, nalo ni kusajili. Kuandika ni neno letu wenyewe. Sijili ni la Kiarabu, na pwani lilijulikana zamani kwa daftari la kadhi. Siku hizi watu husema kusajili na kuandikisha kana kwamba ni kitu kimoja, na katika mazungumzo si neno. Lakini katika istilahi ningependa tuyatenge. Mzazi huandikisha, kwa kuwa umbo la kitendo hicho linaonyesha kwamba mwingine ndiye mwenye kalamu. Afisa husajili, kwa kuwa daftari ni lake na muhuri ni wake. Mtu akisema "nimemsajili mwanangu" hali amepeleka barua tu, amejitwalia kazi ya ofisi, na pengine akatulia akidhani jambo limekwisha wakati ambapo barua yake haijafunguliwa.

Na hata kusajiliwa kwenyewe si kwa namna moja. Uingereza, kwa sheria yake ya 1981, huiweka tajnisi kwa watu wazima peke yao, na mtoto huwa anasajiliwa. Ila katika usajili huo wapo watoto wenye haki ambayo waziri hawezi kuwanyima, na wapo wale ambao waziri ana hiari juu yao, na jina la tendo ni lile lile. Kenya, katika Katiba ya 2010, huugawa uraia sehemu mbili, wa kuzaliwa na wa kusajiliwa, na mtoto mgeni aliyeasiliwa na raia wa Kenya anastahiki kusajiliwa akiombewa. Huko ndiko walikokuwa Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji zama za Mwingereza kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, wakazaa na kujukuu katika ardhi ya Kenya bila ya vitambulisho, hata Oktoba 2016 wakafunga safari kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais. Ndipo usajili wao ulipoanza, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la nchi hiyo. Nikiwafikiri watoto wao, waliokua wakiambiwa kwamba hawajasajiliwa, nasema Kiswahili kina wajibu wa kuweka tofauti ambayo neno moja limeificha: usajili wa haki na usajili wa hiari. Mzazi akijua anaomba upi kati ya hiyo miwili, anajua kama anadai au anasihi, na barua ya kudai haiandikwi kama barua ya kusihi.

Liko na swali la wakati. Kisiwani Ibo, kilichokuwa zamani makao makuu ya Cabo Delgado, na katika miji ya jirani, zimo aila zenye nasaba ya Kireno au ya Goa ambazo hutazama upande wa Lisbon, na sheria ya Ureno ya 1981 hufarikisha wazi baina ya mtoto aliyezaliwa ng'ambo na mzazi aliye Mreno tayari, ambaye akiandikishwa uraia wake huhesabiwa tangu siku ya kuzaliwa, na mtoto mdogo wa mzazi aliyeupata uraia baadaye, ambaye uraia wake huanza siku ya kusajiliwa tu. Tofauti hii si ya makarani peke yao: mtoto wa kwanza, akija kuzaa, atarithisha uraia wa asili hata kwa aliyezaliwa kabla ya karatasi kutoka, wa pili hawezi. Basi wa kwanza naita uraia wa tangu kuzaliwa, na wa pili uraia wa tangu kusajiliwa, majina marefu kidogo lakini yasiyomdanganya mtu.

Sasa tuje kwenye posta. Ofisi kuu ya usajili ya Lisbon hupokea maombi kwa barua, na kwa mtu wa Palma, kwa kuwa konseli za Ureno zipo Beira na Maputo, na Maputo iko mbali naye zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara, njia hiyo ni rehema. Lakini waraka unaokwenda peke yake hubanwa kwa maswali ambayo mtu aliyehudhuria asingeulizwa. Sahihi ya mzazi lazima ishuhudiwe na mthibitishaji rasmi, maana hakuna aliyemwona akiitia. Na cheti cha kuzaliwa kinachotakiwa ni nakala kamili ya yaliyomo daftarini, si muhtasari. Kisha yako majina. Mtoto aliyezaliwa Mtwara huandikwa Mohamed bin Ahmed, na hali karatasi za baba yake wa Mocímboa zasema Amade. Kila mtu wa pwani anajua kwamba Momade na Mohamed, Amade na Ahmed, Saide na Said, ni jina moja lililopita katika kalamu mbili, lakini msomaji wa mbali huona watu wawili, na nasaba, ambayo ndiyo hoja yote ya barua, hukatika hapo. Mwenye kuandika kwa posta na ayaeleze majina hayo mapema, katika mstari wake peke yake, wala asingoje kuulizwa.

Na aseme yeye ni nani kwa mtoto. Watu wetu, wakitaka kufasiri mwakilishi wa kisheria, hukimbilia neno walii, wanalolijua kutoka katika ndoa. Na kwa neno hilo mama hujiona hayumo. Sheria ya familia ya Msumbiji humpa mama mamlaka sawa na baba juu ya mtoto wao, na tangu Oktoba 2017 Mocímboa iliposhambuliwa, na Machi 2021 Palma ilipofikwa na yale yale, wako akina mama wengi waliovuka au kukimbia na watoto bila ya waume, na karatasi zikabaki katika nyumba zilizoungua. Kuwaambia hao watafute walii ni kuwafungia mlango ambao sheria imeuacha wazi. Mzazi mwenye mamlaka ndiyo tafsiri ninayoishikilia.

Posta yenyewe nayo haikusalimika: mwaka 2021 serikali iliamua kulivunja shirika la Correios de Moçambique, na waraka wa mtoto leo hupita kwa kampuni za vifurushi au katika mkoba wa ndugu anayesafiri. Vyovyote utakavyokwenda, juu ya karatasi ya mama wa Palma ambaye mtoto wake amezaliwa Mtwara ningependa yasomeke maneno haya, kwa Kireno chake na Kiswahili chake pamoja: "Mimi, mzazi mwenye mamlaka, Mmsumbiji kwa kuzaliwa, natoa tamko kwamba mwanangu huyu ni Mmsumbiji kwa nasaba yangu, na namwandikisha kwa usajili wa haki, siombi tajnisi. Jina la babu yake limeandikwa kwa namna mbili, na zote mbili ni zake."